Pumzikeni Jinja, Kampala ipo tu

SWALI: Shikamoo kocha. Tuko wanne, tumetoka Mombasa kwa baiskeli tunaelekea Kigali. Nakuandikia kutoka Kisumu. Tangu Nairobi, ambako tulilala usiku mmoja wa ziada, hatujapumzika hata siku moja. Tumekubaliana kwamba tukishavuka Busia tutatulia siku moja nzima, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Binamu yangu anasema tusisimame Jinja, eti Kampala ni kilomita 80 tu mbele, tukapumzike penye kila kitu. Mimi nataka Jinja, kando ya Nile. Wenzetu wawili nao wanataka Jinja, lakini kwa ajili ya kupanda rafti, yale maboya ya mpira ya kushukia mawimbi ya mto, na kuogelea. Nani yuko sahihi? Na siku ya kupumzika mtu afanye nini hasa, alale tu au aendeshe kidogo? Goti langu la kushoto linauma kwa mbele tangu ule mlima wa Mau Summit, na makalio, uniwie radhi, yamechubuka upande mmoja. Nina miaka 34, kilo 75. Baiskeli ni ya milimani, fremu ya chuma, mizigo yote iko kwenye keria.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni na barabara. Naandika haraka nikiomba jibu hili likukute hujavuka mpaka. Pumzikeni Jinja. Binamu yako hesabu ya kilomita ameipiga vizuri, kilichomponyoka ni hesabu ya barabara. Hao wawili wa rafti wana sababu mbovu ya kutaka mahali pazuri, nitawarudia.

Hizo kilomita 80 kati ya Jinja na Kampala ndizo mbaya kuliko zote mlizopita tangu mtoke Mombasa, labda ukiacha zile za kuingia Nairobi. Malori mengi yanayobeba kontena za Kampala, za Kigali au za Congo yanapita hapo. Barabara inakatiza msitu wa Mabira, nyembamba, kivuli kizito, na dereva anayetoka juani akaingia kwenye kivuli kile hamwoni mwendesha baiskeli mpaka amemfikia. Halafu Lugazi, halafu Mukono, na kuanzia Mukono ni foleni, mabasi madogo na bodaboda mpaka katikati ya jiji. Barabara ya namna hiyo inataka mtu aliyelala vizuri, mwenye macho na masikio ya asubuhi. Kuipita na uchovu wa siku sita za mfululizo ili ukapumzike upande wa pili ni kuuliza swali ambalo hutaki kusikia jibu lake.

Kingine, Kampala ni vilima. Ukitaka dawa unapanda, ukitaka chakula unashuka, ukirudi kulala unapanda tena. Mji wa zamani wa Jinja ni tambarare, mitaa imepangwa kama rula, mipana, ina miti, na kutoka nyumba ya wageni mpaka mtoni ni matembezi mafupi. Mtu mwenye goti kama lako anahitaji mji ambao hautamtoza chochote akitaka kununua maji.

Sasa hilo la pili, ambalo ndilo kubwa. Siku ya kupumzika hupangwa jana yake. Nimewafundisha vijana kwa miaka mingi hapa Mwanza na nimesindikiza misafara mirefu kadhaa, na karibu kila aliyeniambia "nilipumzika lakini sikupumzika" alikuwa amefika mjini saa za magharibi. Mtu akiingia saa moja usiku, kesho yake asubuhi ana nguo za kufua, ana mnyororo wa kusafisha, ana pesa za kubadilisha, laini ya simu haijasajiliwa, na bado hajala. Siku inaisha akiwa kwenye foleni.

Najua kwa sababu yamenikuta. Mara yangu ya kwanza Jinja niliingia giza limeshatanda. Asubuhi nikaenda kufua, nikaenda kutafuta fundi, fundi akaniambia nirudi saa nane, nikaona nisipoteze muda nikashuka mtoni kwa miguu, nikapanda boti, nikarudi sokoni, nikarudi kwa fundi, hajaigusa. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu tangu saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kesho yake, kabla ya Lugazi, paja la kulia likakaza kama kamba ya meli. Nikakaa kando ya shamba la miwa nimelikumbatia goti, na mtoto mmoja aliyekuwa akitafuna muwa akanisogelea, akanitazama muda mrefu, akanimegea kipande. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini nadhani alinielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe.

Kwa hiyo: siku ya kutoka Busia, tokeni mapema. Ni kama kilomita 120 hadi Jinja. (Mkiwa Busia mjue kwamba mko pale bodaboda ilipozaliwa, na zilizozaliwa zilikuwa baiskeli: vijana waliokuwa wakivusha watu na mizigo kipande kile kati ya mpaka mmoja na mwingine. Pikipiki zilikuja baadaye zikachukua jina.) Mkianza kwenye saa kumi na mbili na nusu, kukiwa kumepambazuka, mtafika Iganga kabla jua halijakomaa, na Iganga ni kilomita 40 hivi tu kutoka Jinja. Karibu na Kakira mtaanza kuona mashamba ya miwa na malori yake. Kaeni mbali na mikia ya malori hayo, miwa huning'inia nje na mingine huanguka. Saa nane mchana muwe mmeingia mjini. Nusu siku hiyo ndiyo itakayoifanya kesho iwe tupu.

Mkifika, baiskeli kwanza kabla ya kuoga, maana ukishaoga hutaishika tena. Nitakuja kwenye baiskeli. Kisha mfue jioni hiyo hiyo. Pande za ziwani mvua hupenda kuja mchana, hata siku iliyoanza na jua kali, kwa hiyo nguo zilizoanikwa alfajiri zitakuwa zimekauka kabla ya adhuhuri, na zilizofuliwa saa tano zitalala mbichi. Pesa badilisheni Busia, siyo Jinja. Kisha kuleni, mshushe chandarua, mlale.

Hapo sasa umepata nusu ya jana, leo nzima, na usiku mbili kwenye kitanda kimoja. Usiku ule wa pili una thamani kubwa mno. Ule wa kwanza mwili huwa bado uko barabarani, unaota pedali. Wa pili ndio unaolala kweli. Ndiyo maana nakwambia kule Nairobi mlipolala usiku wa ziada mlifanya vizuri, hata kama mnadhani hamkupumzika.

Tuje kwenye makalio, na usiombe radhi, mimi huulizwa hayo kila wiki. Mtu wa Mombasa ana dawa ambayo wengine hawana: kikoi. Kuanzia ukishaoga jioni ya kufika mpaka asubuhi ya kuondoka, usivae bukta ya baiskeli hata dakika moja, wala chupi ya kubana. Vaa kikoi, pasipo kitu ndani, kaa kwenye hewa. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kwa kugonga-gonga na taulo safi, usisugue. Mchubuko mkavu ukiachwa bila kuguswa saa 36 hivi hupungua mpaka ukashangaa. Kama una mafuta yenye zinki, yale wanayopakwa watoto wachanga, paka kidogo usiku. Kikiota kijipu usikitumbue. Kikiwa kinakua, kina joto na wewe unapata homa, hapo safari imesimama, nenda hospitali.

Umesema ni upande mmoja tu, na goti nalo ni moja. Hilo limenishtua kidogo kwa sababu mara nyingi mambo hayo mawili ni jambo moja. Mtu akikaa amejipinda, mguu mmoja unafanya kazi ndefu na wa pili kazi fupi. Mwambie binamu yako akufuate nyuma kwa umbali mdogo aangalie kama nyonga yako inashuka upande mmoja kila unapokanyaga. Angalia pia kama tandiko limepinda, hata kidogo tu; kwenye baiskeli yenye mizigo mizito huwa linageuka polepole bila mwenyewe kujua. Fungua, linyooshe liwe mstari mmoja na bomba la juu la fremu, kaza.

Maumivu ya mbele ya goti, chini au kandokando ya pia ya goti, kwa kawaida yana mzizi wa aina mbili: tandiko liko chini mno, au unasukuma gia nzito. Kule Mau Summit nina hakika ulifanya la pili, na labda la kwanza pia. Pima hivi. Kaa kwenye baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama. Kama goti bado limekunjika, pandisha tandiko milimita 3 hadi 5, usizidishe. Watu hupandisha sentimita mbili kwa hasira, kisha wanaanza kuumwa nyuma ya goti, na hapo wanaandika barua ya pili. Weka alama kwenye nguzo ya tandiko kwa kalamu au utepe kabla ya kugusa chochote, ili ujue ulikotoka. Barafu si lazima. Kitambaa cha maji baridi robo saa, mara mbili tatu kwa siku, kinatosha. Dawa za maumivu zisiwe za kukufanya uendeshe bila kusikia goti linasema nini.

Hii ndiyo sababu nataka uendeshe kidogo siku hiyo. Umeniuliza ulale au uendeshe: lala sana, kisha kwenye saa kumi jioni toka kwa dakika 30 au 40, bila mizigo, gia nyepesi kabisa, miguu izunguke haraka pasipo kusukuma. Ukiweza kuzungumza sentensi ndefu bila kukata pumzi, mwendo ni huo. Damu inapita, miguu haigandi, na tandiko ulilopandisha unalijaribu kabla ya kulibebea mizigo ya kilomita 80. Mwenzenu asiye na tatizo lolote akitaka kutembea nusu saa badala ya kuendesha, ni sawasawa tu.

Jinja kwa mzunguko huo imekaa kama iliyotengenezwa. Pitia Main Street utazame juu, siyo madukani. Nyumba zile ni za wafanyabiashara wenye asili ya India, na nyingi zina mwaka wa kujengwa na jina la mwenyewe vimechongwa kwenye paji la jengo. Wenyewe walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Baadhi yao walirudi baadaye, na majengo yamebaki na rangi zake zilizopauka. Mtu wa Mombasa atajiona yuko nyumbani, kasoro bahari. Kisha teremka taratibu kuelekea mtoni, penye bustani za chanzo cha Nile. Wasoga, wenyeji wa hapo, mto huu wanauita Kiyira, na walikuwa wakiuita hivyo kabla mvumbuzi Mwingereza John Hanning Speke hajafika tarehe 28 Julai 1862 na kuyapa maporomoko ya pale jina la Ripon. Kuna sanamu ya Mahatma Gandhi pia, iliyozinduliwa 1997, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa kwenye maji haya mwaka 1948.

Na hapa nikupe onyo la bure, maana nimeona watu wakipoteza siku nzima: usiende kutafuta maporomoko. Ripon ilizama baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, kufunguliwa mwaka 1954. Bujagali, ile inayoonekana kwenye picha za zamani na povu jeupe, nayo imemezwa na bwawa jingine lililoanza kazi 2012. Bodaboda watakupeleka, hilo sina shaka, na utakuta maji yametulia kama ya ziwa. Kaa pale pale mjini, kwenye ukingo, agiza chai. Maji yanapita mbele yako, ya kijani, mapana, hayana kelele, na ukiyakazia macho ndipo unaona jinsi yanavyokwenda kasi: gugu-maji linatokea kushoto, kabla hujamaliza kikombe limeshapotea kulia. Mimi huweza kukaa hapo saa mbili. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya siku.

Chakula. Misuli huweka akiba ya wanga, glikojeni, na baada ya siku ngumu akiba hiyo inahitaji karibu saa 24 kujaa upya, kwa sharti kwamba unakula. Kosa la siku ya kupumzika ni mtu kujiambia "leo sijafanya kazi, nile kidogo". Leo ndiyo siku ya kulipa deni la wiki nzima. Kwa safari kama yenu, gramu 7 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya mwili ni kiwango cha kawaida. Kwa kilo zako 75 ni kuanzia gramu 525. Ili ujue ukubwa wake, sahani ya wali uliopikwa yenye gramu 300 ina wanga wa gramu 80 na kidogo. Kwa hiyo si sahani moja wala tatu.

Bahati nzuri uko Uganda. Asubuhi kula rolex, mayai yaliyokaangwa yakazungushiwa chapati, mbili badala ya moja. Lakini chakula ambacho mimi ningekipa medali ni kikomando: chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharage na mchuzi wake. Ni chakula cha wanafunzi na watu wa mifuko mitupu, kina wanga, kina protini, kina chumvi, kina maji, na bei yake haikupi mawazo. Mchana matoke na samaki. Samaki mkubwa wanayemwita Nile perch ni yule yule sangara wetu wa Mwanza, nyinyi Kenya mnamwita mbuta. Sato yupo pia, na mimi kati ya wawili hao simwachi sato. Matoke yana maji mengi, yatakujaza tumbo kabla hayajajaza misuli, kwa hiyo ongeza posho pembeni. Posho ni ugali, usishangae jina. Kunywa mpaka mkojo uwe na rangi iliyopauka, kama chai ya majani yaliyowekwa mara ya tatu. Bia inatengenezwa ng'ambo tu ya mto, Njeru, na mtashawishiwa. Moja haiui mtu, ila inaiba usingizi, na usingizi ndio uliokupeleka pale.

Haya, wale wawili wa rafti. Maboya yale ya mpira yanapanda mawimbi ya Nile chini zaidi ya mabwawa, na wanaoyapenda wanaona hakuna mfano wake. Mimi sina ugomvi nayo. Lakini ni siku nzima juani, miguu imejikaza ndani ya boya, mabega yanavuta kasia, na boya likipinduka, kama linavyopinduka, bega ndilo la kwanza kuteguka. Mwendesha baiskeli asiye na bega haendeshi. Wakiitaka sana basi mkae siku mbili, rafti iwe ya kwanza. Kama ni siku moja tu, hapana.

Kuogelea ndiko kunakonitia hofu zaidi, na hapa nizungumze kama mtu aliyekulia kando ya ziwa hili. Victoria na Nile inakotokea vina kichocho. Minyoo yake midogo, isiyoonekana kwa macho, hutoka kwenye konokono wa majini na kuelea ikitafuta ngozi ya mtu. Inatoka kwa wingi mchana, jua likiwa kali, saa zile zile mtu anazotamani kujirusha majini. Dakika chache zinatosha kupenya, na huhisi kitu, pengine muwasho tu. Hatari iko zaidi pembeni, kwenye maji yaliyotulia na yenye nyasi, ambako ndiko watu huingilia. Nimesikia wanaosema ukijikausha haraka na taulo uko salama, usitegemee hilo. Wiki kadhaa baadaye, mmeshafika Kigali na mmerudi Mombasa, mtu anapata homa, kikohozi, tumbo, na daktari wa pwani anaanza kutafuta malaria. Mimi niliugua nikiwa mdogo, ndugu zangu pia, na kwetu tuliona kawaida. Si kawaida.

Dawa ipo, prazikwanteli, na ni nzuri, lakini haiui minyoo michanga. Kuimeza jioni ile ile ya kuogelea ni kujidanganya. Aliyekwisha kuingia majini aende hospitali baada ya wiki 6 hadi 8 na aseme waziwazi kwamba aliogelea Nile. Aliye mkavu abaki mkavu, aende akaogelee kwenye bwawa la hoteli lenye dawa.

Baiskeli nimeiacha mwisho ingawa wewe utaianza mwanzo. Tangu Mombasa mmepita zaidi ya kilomita 1,000, za vumbi na mvua na mafuta ya malori. Tafuta rula ya shule yenye inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja ya mnyororo, uvute mnyororo ukaze, usome kwenye inchi 12. Kwenye mnyororo mpya kuna pini inayoangukia hapo hapo. Ikiwa imepita kwa milimita moja na nusu, mnyororo umekwisha na ubadilishwe. Ikiwa imepita kwa milimita tatu, meno ya gia nayo yameshalika, mnyororo mpya utaruka juu yake. Hilo ni jambo la kugundua Jinja, kwenye kivuli, siyo kwenye miinuko ya Kabale.

Kisha zungusha kila gurudumu ukiishika spoki mbili mbili kwa vidole, kama mtu anayepiga kinanda. Iliyolegea utaijua kwa sauti. Gurudumu la nyuma, upande wa gia, ndiko zinakokatika kwa watu wenye mizigo ya keria. Kaza skrubu zote za keria. Pitisha kidole ndani ya tairi ukitafuta waya na miiba ya barabarani, zile nyaya nyembamba za matairi ya malori yaliyopasuka. Mafundi wa Jinja ni wazuri kwa baiskeli zile nyeusi za mizigo: watakupa spoki, kiraka, solushoni, watanyoosha rimu kwa jicho na kwa mikono bila kipimo, na itazunguka sawa. Lakini kama breki zako ni za diski, au gia zako ni za kisasa zenye meno mengi nyuma, vipuri vyake subirini Kampala. Hilo moja nimpe binamu yako. Na uipeleke baiskeli kwa fundi jioni ya kufika, umsubiri, usiiache.

Asubuhi ya kuondoka miguu itakuwa mizito kuliko siku uliyofika. Usiogope, ndivyo inavyokuwa kwa wengi baada ya siku ya kukaa, na dakika 20 za gia nyepesi huumaliza uzito huo. Vukeni mto mapema. Daraja jipya, lile la nyaya lililofunguliwa Oktoba 2018, lina urefu wa mita 525, na kutoka juu yake mtaona bwawa la zamani. Bwawa lina askari, kamera iacheni mfukoni.

Ng'ambo, pale Njeru, mna njia mbili. Ya kwanza ni kunyoosha barabara kuu, mkipita Mabira kabla malori hayajachangamka; simameni Najjembe, katikati ya msitu, mnunue gonja, ndizi tamu za kuchoma, kisha mwendelee. Ya pili ndiyo ninayoipenda: pindeni kulia, barabara ya lami inayopita Kayunga na kurudi kutokea Mukono. Kutoka Njeru mpaka Mukono kwa njia hiyo ni kilomita 94 hivi, na Kampala ni nyingine 20 na kidogo, kwa hiyo mnaongeza kama kilomita 35. Malori mengi ya kontena hayaendi huko. Goti lako ndilo litakaloamua: kama jioni ya jana, kwenye zile dakika 40, lilikuwa kimya, pita Kayunga. Kama lilisema neno, chukua njia fupi, ondokeni alfajiri, mwende mstari mmoja, binamu yako atangulie kwa kuwa ndiye mwenye haraka.

Kikoi kifunge juu ya mzigo, usikizike chini. Masaka utakihitaji tena.